Kidole cha Bryson, Jina la Wilfred

Pongwe,
Jumapili, 6 Februari 2022

Mwanangu mpenzi Wilfred,

Salamu nyingi zikufikie huko Mafinga kwenye baridi. Mimi mama yako sijambo, ni magoti tu yananisumbua nikiinama bustanini. Nataka kujua hali yako, na kifua chako, na kama lile sweta la mtumba bado lina vifungo. Bibi yako Kristina hajambo, macho ndiyo yale yale, kila siku anauliza kama ukungu wa nchi ya kwao bado unashuka mpaka mlangoni, ameniambia nikuulize, basi nimekuuliza. Ruthi mdogo wako hajambo, anakuamkia shikamoo, yuko kidato cha tatu na anasoma kwa sauti mpaka bibi amejua chakula cha panzi kinapita wapi tumboni. Elizabeti mchumba wako hajambo, kila Jumamosi anakuja kumsuka bibi nywele. Shangazi yake, Mama Queen, hajambo, alipita jana. Mbuzi amezaa mapacha. Bryson mdogo wako hajambo, lakini yeye nitamrudia huko chini.

Nimeandika barua kwa sababu simu yangu unaijua. Sikio lake limekufa, inasema kwa spika tu, nikiongea na wewe kambi nzima ya mkonge inaitikia. Na hili si la kambi nzima.

Mchungaji amesema hasomi tangazo la ndoa la mtu yeyote mpaka bwana harusi na bibi harusi walete karatasi za kupima damu, zenye mhuri. Anasema hakatazi watu kuoana, anataka kila mmoja ajue hali yake na ya mwenzake kabla ya kuahidiana. Elizabeti amepima siku nyingi. Karatasi yake anayo baba yake, Mzee Eliudi, na unamjua mzee wa kanisa yule, ameiweka kama cheti cha chuo. Inangojwa yako. Matangazo ni Jumapili tatu, Kwaresma inaanza tarehe mbili mwezi ujao na Mchungaji hasomi matangazo Kwaresma, na wewe ruhusa ya kuja kuoa huipati mpaka Juma Kuu.

Basi nikafikiri. Wewe na Bryson mmepishana mwaka mmoja na miezi mitatu, mnavaa kiatu namba moja, watu wa kiwandani walikuwa wanawachanganya mpaka mlipoota ndevu. Nyumba hii haina mambo ya ovyo, marehemu baba yenu alikuwa mtu wa sala. Nikaona damu yenu naijua, si mimi niliyewapa. Alhamisi nikamtuma Bryson zahanati akapime kwa jina lako. Hawakudai kitambulisho. Waliandika jina alilosema, na umri, na namba ya simu akawapa yangu.

Alicheka sana. Akasema, "Haya, kutobolewa nitobolewe mimi, kuoa aoe Wilfred." Ruthi naye akacheka mpaka akamwaga maji ya mchele.

Nilimtazamia saa nne, akarudi saa tisa. Nikamuuliza karatasi iko wapi, akasema mwenye mhuri hayupo, wataitoa wiki ijayo. Nilimpikia dagaa wa nazi, hakuwagusa, akasema kidole kinamuuma. Kidole, mwanangu, kitundu cha sindano. Nikamtania, nikamwambia wewe ungezaa ingekuwaje. Hakucheka. Jana ameondoka kwenda Kigombe kwa rafiki yake Kombo, kusaidia kubeba barafu ya samaki.

Usinikasirikie. Nimefanya kwa haraka ya furaha. Barua hii nampa konda wa basi, ataiacha dukani kwa Mudathir hapo stendi kwenu, na wewe jibu kwa njia hiyo hiyo.

Mama yako mzazi,
Mama Wilfred


Mafinga,
12 Februari 2022

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, sweta lina vifungo viwili. Msalimie Ruthi, mwambie ahurumie masikio ya bibi. Bibi mpe shikamoo yangu, mwambie ukungu upo, leo asubuhi sikuliona shoka langu mwenyewe mkononi.

Mama, umefanya nini. Ungengoja wiki moja tu. Mwezi wa kumi na moja walikuja wahudumu wa afya hapa kambini kwetu wakata miti na gari, wakapima kila aliyetaka, na mimi nilipima. Kwanza mnazungumza na mshauri. Anakuuliza majibu yakiwa haya utafanya nini, na yakiwa yale utafanya nini. Kisha anakutoboa pembeni ya kidole, tone la damu linawekwa kwenye kipimo kidogo bapa, anadondoshea maji ya dawa, mnangoja kama robo saa. Ukitokea mstari mmoja, hawakuona kitu. Ikitokea miwili hawakuhukumu hapo hapo, wanachukua kipimo cha aina nyingine, wanapima tena, ndipo wanasema. Wangu ulikuwa mmoja. Wakaniambia nirudi baada ya miezi mitatu, maana mtu akiambukizwa karibuni damu inaweza isionyeshe bado. Barua yako iliponifikia nimekwenda kupima tena. Mmoja. Karatasi ni hii, ina mhuri, mpelekee Mchungaji.

Damu ya Bryson haiwezi kujibu kwa ajili yangu. Hata mapacha hawapimiani, Mama.

Na kuna jambo linaninyima raha. Majibu hayangoji wiki. Yanatoka siku ile ile, ukiwa umekaa pale pale. Bryson ninayemjua mimi, angeona mstari mmoja angerudi nyumbani anaimba. Alisomewa nini? Mkalishe mahali, usimfokee, umuulize.

Mwanao,
Wilfred


Pongwe,
6 Machi 2022

Mwanangu Wilfred,

Salamu. Bibi hajambo, alifurahi habari ya ukungu, alitaka niisome mara tatu. Ruthi hajambo. Mbuzi mdogo mmoja amekufa. Mimi najikaza.

Karatasi yako ilifika tarehe kumi na saba, nikaikimbiza kwa Mchungaji, na Jumapili ya tarehe ishirini tangazo lako likasomwa, na Mchungaji akakubali la tatu alisome hata kama Kwaresma imeanza. Nilisikia jina lako na la baba yako kanisa zima likiwa kimya. Nilishika benchi la mbele. Ile habari ya Bryson nikasema moyoni imepita, karatasi imepatikana, basi.

Alhamisi yake walikuwa hapa Mama Queen na wanawake wawili wa kwaya, tunapima vitambaa vya meza. Simu ikalia. Nikabonyeza, sauti ikajaa nyumba. Ilisema, "Habari za hapo, ni Devota. Naomba kuongea na Wilfred. Mwambie arudi tu tumalizie mazungumzo yetu." Hakusema zaidi, na nesi yule simlaumu, hakutaja kitu. Lakini Pongwe nzima inamjua Devota ni yupi na anakaa chumba gani pale zahanati, na watu huingia mle kupima nini.

Mama Queen akaweka mkasi chini. Akaniuliza, "Wilfred si yuko Mafinga? Alikuja lini akaongea na Devota?"

Mwanangu, hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na neno la kweli mdomoni. Nikamwona Bryson, nikaona wanawake watatu wanamtazama Bryson akipita na ndoo. Nikasema, "Alipita siku moja mwanzo wa mwezi, akarudi."

Walikunja vitambaa vyao. Jioni ile ile Mzee Eliudi alimwita Mchungaji, na tangazo la pili halikusomwa. Sasa kambini wanasema ulikuja kwa siri, ukapima hapa, ukasikia majibu ukatoroka kabla hawajamaliza kukuambia, na karatasi ya Mafinga ulimtuma mtu mwingine akapimwe kwa jina lako. Hivyo ndivyo wanavyosema, Wilfred. Wanakusingizia kile kile nilichokifanya mimi.

Bryson alikuja Jumapili. Nilimkalisha kama ulivyosema. Alitazama mikono yake tu, na mimi mama sikuhitaji aseme. Akaondoka hajala.

Sasa nakuomba neno gumu. Wewe ni mzima, na uko mbali. Maneno ya kambini hayafiki huko. Mwenzio yuko hapa kati ya watu, nikimtaja atatoka hapa asirudi tena, au atafanya jambo baya. Libebe kidogo, mpaka nimpate nimtulize. Elizabeti nitazungumza naye polepole. Nijibu.

Mama yako,
Mama Wilfred


Mafinga,
27 Machi 2022

Mama,

Shikamoo.

Elizabeti aliniandikia kwenye simu. Maneno yalikuwa machache. Anasema hakasirishwi na ugonjwa, angenivumilia nao, anakasirika kwamba nilimficha. Nilimjibu kwamba sikukanyaga Pongwe mwezi wa pili. Akaniuliza, "Basi mama yako ni mwongo?" Ningejibu nini, Mama? Baada ya hapo kaka zake walinitukana siku nne. Nimeitoa laini, nimeitupa.

Nenda kwa Mzee Eliudi ukamwambie ulichofanya. Huna haja ya kumtaja Bryson. Sema tu aliyepimwa hakuwa Wilfred. Mpaka ufanye hivyo sitaandika, na Pasaka siji.

Na Bryson apelekwe kliniki kwa jina lake. Dawa zipo na hazilipiwi. Hapa kambini yupo mzee mmoja, Ayubu, anazinywa mwaka wa kumi na mbili na hakuna anayemshinda kuinua gogo. Alinionyesha kopo mwenyewe. Mwambie hivyo.

Wilfred


Pongwe,
19 Juni 2022

Mwanangu Wilfred,

Salamu za huku nyumbani. Bibi yako hajambo, ameacha kuuliza ukungu, anauliza wewe. Ruthi hajambo, amekuwa mkimya. Elizabeti haji tena Jumamosi, bibi nywele namsuka mimi, anasema navuta. Hii ni barua ya pili tangu yako, sijui kama ile ya kwanza Mudathir alikupa.

Nilikwenda Kigombe. Nilimkuta Bryson kwa Kombo, anapasua barafu kwa nyundo, mgongo wazi, na mifupa ya mgongo unaweza kuihesabu. Mke wa Kombo, Sabiha, alinikaribisha vizuri, akanitandikia mkeka, akasema, "Mama, huyu ndugu yetu hali, na akikohoa hatulali." Halafu akatupisha.

Kabla sijaenda nilikuwa nimefanya jambo. Niliona siwezi kumwambia mtoto wangu aingie chumba ambacho mimi sikijui. Nikaenda kwa Devota nikamwambia, nipime na mimi. Mwanamke wa miaka hamsini na minne. Hakunicheka. Tukazungumza, akanitoboa, likatoka tone, na ile robo saa, Wilfred, nilijua ni nini nilimpa mdogo wako akakae nayo peke yake akiitwa jina la mtu. Mstari ulikuwa mmoja. Nikalia kama vile imekuwa miwili. Hapo nikamweleza Devota yote. Akasema mlete, hakuna atakayemgombeza, tutampima upya kwa jina lake na kumwanzishia dawa siku hiyo hiyo. Akasema akizinywa kila siku bila kuruka virusi vinapungua mpaka kipimo hakivioni, na anaweza kuoa, anaweza kuzaa watoto wazima. Nilikuwa sijui. Nilidhani ile karatasi ni ya kusema nani mwema na nani si mwema.

Nikamwambia Bryson hayo yote pale mkekani. Nikamwambia na habari ya mzee Ayubu wako. Alinisikiliza mpaka mwisho, nyundo iko mapajani. Akasema, "Mimi sijapimwa, Mama. Aliyepimwa ni Wilfred. Mwambie Wilfred anywe dawa."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetoa habari.

Kwa Mzee Eliudi sijaenda. Sikufichi. Mara tatu nimefika kwenye ua wake, mara moja mbwa akabweka, nikashukuru mbwa nikarudi. Nitakwenda. Nakuomba uniandikie hata kama ni kunigombeza.

Mama yako,
Mama Wilfred


Pongwe,
16 Oktoba 2022

Mwanangu,

Bibi hajambo ila hatoki nje tena. Ruthi anajiandaa na mitihani. Bryson yuko nyumbani, nitakueleza. Wewe sijui hali yako, naomba Mungu iwe njema.

Mwezi uliopita nilikwenda. Nilipita ua, mbwa akabweka, nikaingia hivyo hivyo. Nilipiga magoti mbele ya Mzee Eliudi ingawa alikataa nisipige. Nikamwambia aliyetobolewa kidole siku ile hakuwa Wilfred, Wilfred hakukanyaga hapa, karatasi ya Mafinga ni ya kweli, mwongo ni mimi. Hakuuliza nani alitobolewa. Nadhani alijua. Akasema, "Mama Wilfred, maneno haya ungeyaleta Februari ningeyapokea kwa mikono miwili. Sasa mtoto ameshaposwa." Aliyemposa ni mwalimu wa Nguvumali, ndoa ni Desemba. Nilipokuwa natoka Elizabeti alikuwa nje anaanua nguo. Aliniamkia. Akaniuliza, "Wilfred anajua umekuja?" Nikamwambia bado. Akakunja shuka ile ile mara mbili, akaikunjua, akasema, "Mwambie niliuliza." Basi nimekuambia.

Sasa Bryson. Kombo alimleta yeye mwenyewe wiki tatu zilizopita, amemshika kiunoni, kwa sababu alianguka kwenye barafu. Kombo alinisalimu kwa adabu, akaniambia, "Mama, kwangu hakukosa kitu, lakini anahitaji mama." Tulimpa chai, akagoma mpaka Bryson alale.

Nikamwambia Bryson kesho tunakwenda kwa Devota. Akasema atakwenda, dawa atakunywa, ila hapimwi tena na jina habadilishi. Alitoa kadi aliyopewa siku ile ya kupimwa, ilikuwa ndani ya kofia. Alikaa nayo tangu Februari, Wilfred, imelainika kama kitambaa, imeandikwa jina lako. Anasema hiyo kadi ikiwa na jina lake ataiona kila siku, na ikiwa na jina lako anakwenda kama mtu aliyetumwa. Na Devota alikuwa amehamishwa, mhudumu wa sasa ni mgeni, hamjui mtu yeyote wa kwetu. Nikafikiri, anywe kwanza, jina tutalitengeneza akipata nguvu. Nikamwacha. Nilimshika mkono mpaka dirishani, mhudumu akauliza, "Wewe ndiye Wilfred?" na mimi ndiye niliyeitikia.

Amegundulika na kifua kikuu pia. Wanasema amechelewa lakini si mno. Anakunywa dawa zote mbele yangu. Jana alikula dagaa wa nazi.

Andika, mwanangu. Hata mstari mmoja.

Mama yako,
Mama Wilfred


Mafinga,
Alhamisi, 5 Januari 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua zako zote nilizipata. Mudathir alikuwa ananiletea mwenyewe, nazisoma, naziweka chini ya godoro, naapa kesho nitajibu. Kesho imekuwa miezi tisa. Nisamehe na mimi.

Mimi ni mzima. Nilipima tena mwezi uliopita pamoja na kambi nzima, mstari ni mmoja. Habari ya Elizabeti nilisikia. Siku ya ndoa yake mzee Ayubu alinichukua msituni tukafanya kazi ya watu wanne, jioni sikuwa na nguvu ya kuwaza.

Bryson mpe salamu zangu kwanza kabla ya mtu yeyote. Mwambie sina kinyongo naye. Yeye alitumwa, na aliyemtuma ni mama, na mama alikuwa ananitafutia mimi mke. Lakini jina langu amelibeba vya kutosha, sasa anirudishie. Aende akaandikwe Bryson. Akija mhudumu kumwita kwa jina lake aitike mwenyewe. Mwambie nataka kumkuta nikifika, nimeomba ruhusa ya mwezi wa pili, siku kumi na nne. Tutamchinja yule mbuzi aliyebaki.

Bibi mwambie ninamletea picha ya ukungu kwenye simu, Ruthi atamwelezea.

Mwanao,
Wilfred


Pongwe,
Jumatano, 18 Januari 2023

Mwanangu Wilfred,

Bibi yako Kristina hajambo. Ruthi hajambo. Mimi nipo. Nyumba nzima ndiyo hiyo.

Barua yako ilifika Ijumaa. Bryson alikuwa hospitali mjini tangu siku ya pili baada ya mwaka mpya, kifua kilimzidi, na homa ikapanda kichwani. Jumamosi alikuwa na akili zake. Nilimsomea barua yote, pale penye mbuzi alitabasamu. Pale penye jina aliniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Mwambie nalirudisha nikitoka hapa. Mwambie nimelitunza." Akalala.

Jumatatu saa tano asubuhi mdogo wako amefariki. Nilikuwa nimemshika kile kidole.

Laini yako uliitupa, na Ruthi amejaribu namba ya mwenzako wa kambini tangu Jumatatu haipatikani, ndiyo maana nimempa konda barua hii mkononi, nikamweleza, amesema Mudathir atapanda kambini na pikipiki.

Sikiliza sasa. Tulipofika hospitali niliulizwa jina la mgonjwa. Kadi yake ya dawa ilisema Wilfred, nikaogopa nikisema vingine watasema kadi si yake na dawa zitasimama. Nikasema Wilfred. Ni mara ya tatu hiyo kulitoa jina lako kwa mdomo wangu. Kitandani kwake kiliandikwa kibao Wilfred, na jana nilipokwenda na Kombo na mwenyekiti wa mtaa kumchukua, mguuni pana karatasi, na karatasi inasema Wilfred. Kibali cha kuzika wamekiandika jina lako, na umri wako, na mahali ulipozaliwa.

Niliwaeleza. Walinisikiliza kwa heshima, hawakunifokea. Wamesema wao wana jina lililoandikwa na mama mwenyewe, hawawezi kulifuta kwa maneno ya mama yule yule. Wanataka Wilfred aliye hai asimame mbele yao na kitambulisho chake, ndipo wabadilishe. La sivyo nichukue kibali kilivyo nikazike. Mchungaji ameniambia kwa upole kwamba Mungu anamjua aliye ndani ya sanduku, tusiwachoshe watu. Mzee Eliudi amekuja kukaa nasi msibani, na Elizabeti amekuja, amemsuka bibi. Kombo na Sabiha wamelala hapa siku mbili. Wote wanangoja mimi niseme twende tukamchukue.

Nimekataa. Nilikubali kukuandikia ugonjwa usio wako, kaburi sikuandikii. Na yeye ameishi mwaka mzima hajaitwa jina lake mbele ya daktari hata mara moja. Kwenye msalaba aitwe.

Bibi anauliza nani amekufa. Watu wanaokuja wanasema pole Mama Wilfred, pole na Wilfred, na wengine wanajua na wengine hawajui, na yeye macho hayaoni, amekaa mkekani anasikia jina lako tu linalia nyumba nzima. Nimemwambia ni Bryson. Anasema nimlete Wilfred amguse uso.

Ukipata barua hii usikae kuandika. Njoo na kitambulisho, usikisahau, kiweke mfukoni kabla ya nguo. Ila ili nijue umeipata, mpe Mudathir neno moja ampigie konda, konda atanipigia mimi. Simu nimeiweka katikati ya mkeka, sikio lake bado bovu, itasema kwa spika, na safari hii nataka wote wasikie. Sema tu nakuja. Lifanye leo hii, mwanangu, wamenipa mpaka Jumamosi.

Mama yenu,
Mama Wilfred na Bryson